Jiwe Alilochongewa Mama

Padri wetu wa Murangi alikuwa na kitabu kikubwa cha picha za mawe, na kila mgeni aliyeingia sebuleni kwake alikitazama kwanza ndipo apewe chai. Wageni wengi walikuwa wakulima na wavuvi waliokuja kuandikisha ubatizo. Walifunua kurasa kwa adabu, wakasema "Ee, mazuri," na macho yote yako kwenye birika. Miaka ile sukari ilikuwa imepotea madukani, na kwa padri ilikuwepo kidogo.

Mimi nilikitazama kuliko wote. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimetoka chuoni juzi, na Jumamosi nilikwenda kumsaidia padri kuandika barua zake za Kiswahili. Alikuwa mtu wa Ulaya, wa nchi ambayo alisema iko chini kuliko bahari, jambo ambalo baba yangu alilikataa mpaka mwisho. "Maji yanajuaga njia, Padri," alimwambia. "Hayawezi kukaa juu ya watu yakawaangalia tu." Padri alicheka na hakubisha.

Katika pwani ya kwao, padri alinieleza, wavuvi walinasa mawe kwenye nyavu zao. Yalikuwa yamechongwa wakati wa Warumi, Warumi wale wale wa Pilato, halafu bahari ikala ufuko na kuyameza. Kwenye mawe mengi alikuwepo mwanamke mmoja, amekaa, amefunga kijoho begani, kikapu cha matunda kiko mapajani na mbwa amekaa kando yake. Katika mengine amekanyaga ncha ya mbele ya chombo. Alikuwa mungu wa bahari wa watu wa kule kabla hawajasikia habari za Yesu. Jina lake lilikuwa refu na sikulishika.

Waliomwekea mawe walikuwa wafanyabiashara. Wauza chumvi, wauza vyungu, wauza mchuzi wa samaki. Kabla ya kuvuka, mtu aliweka nadhiri: nikifika salama na mali yangu ikafika salama, nitakuwekea jiwe. Akirudi alikwenda kwa mchongaji, na chini ya yule mwanamke likaandikwa jina lake mwenyewe na maneno kwamba ameitimiza nadhiri yake kwa moyo mweupe. Padri alipenda sana hapo pa nadhiri. Alisema wapagani wale walikuwa waaminifu kuliko Wakristo wake wa Murangi, ambao huahidi mbuzi wakati wa homa na kuleta kuku wakipona.

Baba alikiona kitabu siku alipokuja kutengeneza ngazi za kanisa. Yeye alikuwa mchonga mawe. Watu wakisikia hivyo hufikiria vinyago vya kuwauzia watalii, na mimi hukasirika. Baba alichonga mawe ya kusagia, na alichonga misalaba na mawe ya makaburi. Zamani kidogo kazi ya makaburi ilikuwa imeanza kumponyoka kwa sababu watu walipenda saruji. Lakini ilipokuja shida, saruji ikawa ya kibali, na kibali kikawa cha wanaojulikana, hivyo marehemu wa kawaida alirudi kwa baba. Sipendi kusema hivi, lakini shida ya nchi ndiyo iliyotulisha.

Hakumtazama yule mwanamke kama mungu. Aliweka kidole juu ya karatasi, akafuata mikunjo ya nguo, kana kwamba angeweza kuhisi makali.

"Huyu fundi hapa alikuwa na tindo nzuri," alisema. "Hapa kwenye mbwa alikuwa amechoka."

Kisha akauliza maneno yanasemaje, na padri akamweleza kama alivyonieleza mimi. Aliposikia habari za wauza chumvi aliinua kichwa akaniangalia, maana chumvi ndiyo mama yangu aliyokuwa akiifuata ng'ambo ya ziwa.

Mama alikuwa binti wa Butiama, kwao ni watu wa jembe na ng'ombe, na kuogelea hakujua hata kidogo. Aliyempeleka ziwani ni mimi, au tuseme ni blauzi yangu. Sabuni ilikuwa haipatikani, tulifua kwa majani ya mpapai, na nguo nyeupe zote zilikuwa zimegeuka rangi ya mchicha uliochemshwa. Asubuhi moja mama alinitazama nikienda shuleni akasema, "Mwalimu gani huyu ananukia mboga?" Wiki iliyofuata akaungana na akina mama waliokuwa wakipeleka samaki wakavu upande wa Kenya na kurudi na sabuni na chumvi. Ilikuwa imekatazwa. Mgambo walivizia kwenye mialo, mahali mitumbwi inapotia nanga, na safari ya siku nne wakati mwingine ilikuwa ya siku sita kwa kujificha.

Safari moja siku ya saba ilipita na hawajarudi. Siku ya nane ikaja habari kwamba boti imezama karibu na visiwa na akina mama walikuwemo, wa kijiji gani haijulikani. Baba aliweka tindo chini. Alikwenda kanisani peke yake saa za mchana, jua kali, nami nilimfuata nikamngoja nje. Alipotoka hakunitazama. Tulitembea kitambo ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa:

"Nimemwambia Mungu akimrudisha mama yenu, nitamwekea jiwe. Kama wale wauza chumvi."

"Wale walimwekea yule mwanamke, Baba."

"Mimi nimemwambia Mungu. Mwanamke nitamchonga mama yako."

Siku tatu baadaye alipita mvuvi aliyetoka ng'ambo. Alisema amemwona mama kwa macho yake, mzima, amekalia furushi mwaloni anagombana na mwenye boti kuhusu nafasi. Baba alicheka mpaka akakaa chini. "Anagombana," alisema. "Basi ni yeye." Jioni ile ile akachagua jiwe, na kesho yake akaanza kuchonga. Kwa hesabu yake Mungu alikuwa ameshajibu, na yeye hakutaka mama akanyage nchi kavu kabla shukrani haijawa tayari.

Sasa nieleze kitu ambacho mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Jina la mtu halikatwi kwenye jiwe akiwa hai. Mtoto wa darasa la kwanza alilijua hilo. Ukipita nyumbani kwa baba ukaona jina jipya, ulivua kofia kwanza na kuuliza baadaye. Baba alikuwa ameishi kwa desturi hiyo maisha yake yote, na siku ile aliivunja kwa furaha, kwa sababu mawe ya padri yalikuwa na majina ya watu hai waliorudi nyumbani na kula. Na mimi, mwalimu, niliyekuwa na cheti, sikumzuia. Nilimwandikia maneno. Herufi za baba zilikuwa chache, kwa hiyo kila msalaba wa pwani yetu nilimchorea mimi kwa mkaa naye akafuata kwa tindo. Nilichora jina la mama, la ubatizo na la kwao, na chini yake: "Mungu amemvusha. Mume wake ametimiza nadhiri." Niliyaona maneno mazuri sana. Nilirudi nyuma hatua mbili kuyasoma, nikajipongeza.

Mama wa kwenye jiwe alikaa kama yule wa kitabuni, na kikapu mapajani. Mbwa baba alimwacha. Alisema mbwa amekaa kama bwana shamba anayengoja ripoti. Sura aliichonga kwa siku mbili nzima, na pua ilikuwa ya mama kabisa.

Siku jiwe lilipokamilika baba alikwenda mwaloni kungoja na mimi nilikuwa shuleni. Mama mdogo, mdogo wake mama, alikuwa amesikia habari za boti huko Butiama akaja mbio. Alikuta nyumba tupu na jiwe limesimama ukutani, bado lina vumbi jeupe, jina la dada yake juu. Mama mdogo alijua kusoma. Alisoma jina na hakusoma zaidi, na mimi simlaumu, nani angesoma zaidi? Jirani walimsikia akilia njia nzima hadi barabarani. Walidhani tumepata habari ya msiba na sisi wenyewe tumekwenda kufuata mwili, nao wakaanza kulia.

Baba alinituma Butiama siku hiyo hiyo nikaizuie habari. Mtu wa leo atasema si mbali. Petroli haikuwepo. Nililala Musoma kwa binamu yangu siku mbili nikingoja lori, siku ya tatu nikalipata, likaharibikia njiani, nikaendelea kwa miguu hadi nikapita Mwitongo, pale pale Butiama, na kuona moshi wa matanga kwa wajomba zangu. Nilikuwa nimechelewa. Bibi, mama yake mama, alikuwa amekaa mlangoni na kichwa kimenyolewa, kinang'aa, kidogo kama cha mtoto. Wote walikuwa wamenyoa. Na kwa kuwa maiti haikuwepo, walikuwa wamefunga shina la mgomba kwa nguo ya zamani ya mama na kulizika.

"Mjomba, Mama ni mzima," nilisema. "Kuna mtu amemwona."

"Mwalimu," mjomba mkubwa aliniambia, wala hakuwa na hasira, "nyie watu wa ziwa mnajua kuandika. Mmeandika. Sasa unataka tusome nini?"

Nilimwomba aende nami akaone. Alikubali siku ya pili, zaidi kwa kunihurumia. Tulipofika Murangi mama alikuwa jikoni, amerudi siku moja kabla, anachambua dagaa. Alikuwa amekonda na midomo imepasuka kwa jua. Aliruka kumsalimia kaka yake. Mjomba alirudi nyuma akauficha mkono wake mgongoni.

Sijawahi kuona uso wa mama ukiwa vile. Mwaloni wanawake walikuwa wamemkimbia, akadhani ni mzaha, akaja nyumbani akimcheka baba na jiwe lake. Alikuwa ameisifu pua, akalaumu kikapu. "Mimi sibebagi kikapu, nabebaga beseni." Hakujua habari ya mgomba mpaka mjomba alipoisema hapo jikoni. Mjomba alisema hawezi kumgusa, wala mama hawezi kulala nyumba hii, mpaka aende nyumbani atakaswe. Baba akasema sawa, aende, wiki moja si kitu. Mama alifunga nguo mbili tu. Mche mmoja wa sabuni aliniachia mimi.

Wajomba walifanya upande wao. Walilifukua lile shina wakalitupa mtoni, wakachinja mbuzi, wakamnyoa mama na kumwita kwa jina mlangoni kana kwamba amezaliwa. Halafu wakatuma neno kwa baba: sisi tumefukua, na wewe vunja. Jiwe lenye jina lake likivunjwa kwa mkono ule ule uliolichonga, dada yetu atarudi kwako kesho yake.

Lilikuwa jambo la pigo moja la nyundo. Nilimletea baba ujumbe huo nikitabasamu, nikidhani tumemaliza.

"Sivunji," baba alisema.

Nilimweleza tena. Alikuwa ameshaelewa.

"Hilo si la kaburi. Hilo nimempa Mungu kwa sababu amemrudisha. Nikilivunja nitakuwa nimemwambia nini? Nitakuwa nimemwambia, nirudishie asante yangu, na mtu wako mchukue." Aliinama akaendelea na kazi yake. "Waambie shemeji zangu niko tayari kwa mbuzi hata watatu. Waambie nalifunika na gunia. Waambie nalipeleka kanisani. Kuvunja, hapana."

Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Mimi ndiye niliyekuwa posta yao. Wajomba walisema kufunika si kuvunja. Padri alisema kanisani halitakaa, na kwamba habari ya kufukua migomba hataki kuisikia. Kisha akahamishiwa Bunda na kitabu chake. Wenye busara wa pande zote mbili walishauri subira, na subira ilikuwa kitu pekee ambacho nchi yetu ilikuwa nacho kwa wingi miaka ile.

Kitu kinachoniuma ni kwamba hawakuwa wamekosana. Laiti wangekosana! Baba aliniagiza samaki wa mama, ningu aliowakausha mwenyewe, na mama aliniagiza ulezi wa baba. Niliwahi kumkalia mama kikao huko Butiama, nikamwuliza kwa ukali kama kweli anaamini kwamba jiwe litamdhuru.

"Jiwe ni zuri," alisema. "Siku ile nililishika nikasikia aibu, mimi mzee kuchongwa. Lakini mama yangu alininyolea. Nikirudi kulala pale, na jina langu limesimama pale, nimemwambia alinyoa bure. Huyu bibi yako amebakiza siku ngapi?"

Bibi alibakiza miaka minne. Alipokufa mama alisema wajomba bado wapo. Nilianza kuona kwamba alikuwa anamngoja baba, si kwamba anawatii kaka zake. Alitaka kuona kama mume wake atainua nyundo kwa ajili yake. Na baba alikuwa analilinda jiwe kwa ajili yake. Kila mmoja alikuwa anampenda mwenzake kwa njia ambayo mwenzake hakuitaka.

Miaka ikaenda hivyo. Nikahamishiwa Musoma mjini, nikapanga chumba Iringo. Nikaolewa, na kwenye harusi yangu mama alikaa upande wa Butiama na baba upande wa Murangi, wakatazamana juu ya sufuria za pilau kama wachumba. Halafu mambo ya nchi yakalegezwa. Sijui nieleze vipi jinsi ilivyokuwa ghafla. Maduka ya Iringo yaliyokuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia yakajaa sabuni za rangi tatu, chumvi ya mifuko, mitumba hadi barazani. Saruji ilipangwa nje, mtu anaikalia. Akina mama wa ng'ambo waliacha kuvuka, hakukuwa na sababu tena. Watu wakarudi kwenye makaburi ya saruji, wengine na vigae, na baba akabaki na mawe ya kusagia, mpaka mashine ya kusaga ikafika Murangi. Nilimkuta siku moja amekaa karibu na lile jiwe, amelivua gunia, analipangusa vumbi. Alikuwa amezeeka bila mtu wa kumwambia kwamba shati lake limechanika.

Siku ile niliamua. Mimi nikiamua kitu huwa sisikii, ndiyo kasoro yangu.

Ofisi ya elimu ilinipeleka Bunda kwenye semina ya wiki moja, nikamtafuta padri. Alikuwa amekuwa mzee sana. Kitabu kilikuwepo, na chai pia. Nilimwuliza moja kwa moja: jiwe la nadhiri likivunjwa, nadhiri inavunjika? Hakunijibu kwa dini. Alifunua kurasa hadi kwenye jiwe lililokatika katikati, mwanamke hana kichwa, kikapu kimebaki nusu. Akaniambia kwamba hekalu lote lilimezwa na bahari. Mawe mengine yaliwahi kutolewa yakawekwa kanisani, na kanisa hilo likaungua kwa radi. "Na yule muuza chumvi," alisema, "alikuwa ameshakufa zamani sana kitandani kwake, na wajukuu wake pia. Yeye alilipa. Kilicholipwa kimelipwa." Niliomba aniazime kitabu. Alisita, kisha akakifunga kwa gazeti akanipa.

Nilikipeleka Murangi moja kwa moja. Nilimwekea baba picha ile mapajani. Aliitazama kwa muda mrefu, kidole kikitembea pale kichwa kilipokuwa kimekatikia.

"Huyu hakuvunjwa na mtu," alisema. "Amevunjwa na maji."

"Baba, ni jiwe tu."

"Eti?"

"Ni jiwe tu! Mungu alishapokea asante yako, haikai kwenye jiwe. Mama anazeeka kwa watu. Na wewe unazeeka na picha yake."

Nilisema mengi siku ile. Nilimwambia anampenda mama wa jiwe kuliko mama wa nyama. Binti hasemi hivyo kwa baba yake, na kwetu ningeweza kulaaniwa kwa maneno machache kuliko hayo. Baba hakunilaani. Jua lilipofika kwenye ukuta aliinuka, akaingia ndani, akatoka na nyundo kubwa, ile ya kupasulia. Alipiga mara moja pale kwenye shingo na mara tatu kwenye maneno. Mchonga mawe anajua mshipa wa jiwe ulipo. Lilipasuka kirahisi sana. Alibaki amesimama na nyundo.

Mama alirudi baada ya siku nane, na wajomba wawili na mbuzi, na kanga mpya za dukani. Nisiseme uongo, ilikuwa furaha. Watu wa mwaloni walikuja wote. Mjomba mkubwa alimkumbatia baba akamwita ndugu. Mama aliingia nyumba yake, akachungulia jikoni, akatangaza kwamba mwanamume aliyeachiwa sufuria asipewe tena sufuria. Baba alicheka. Nilirudi Iringo na moyo mwepesi, nikiwasimulia walimu wenzangu jinsi elimu inavyoweza kutatua mambo ya wazee.

Walikaa pamoja miezi mitatu. Nilikwenda kuwaona kila mwisho wa mwezi. Mama alikuwa amelima bustani ya mchicha, na jioni walikaa nje wakibishana kuhusu mambo yasiyo na maana. Mara ya mwisho baba alikuwa ameshona shati lake mwenyewe, vibaya, na mama analifumua kwa dharau. Mwezi wa nne, mvua zilipoanza, mama alipata homa. Siku ya pili aliletwa hospitali mjini nami nilikaa naye. Alidungwa sindano, akawekewa maji, dawa zilikuwepo. Siku ya nne asubuhi, kabla ya chai, alifariki akiwa amenishika kidole kimoja tu, hiki cha shahada.

Nilitafuta gari, tukamrudisha Murangi. Baba alikuwa amesimama njiani, alikuwa ameshajua kwa kuliona gari tu. Nilishuka nikamwangukia miguuni. Nililia kwamba ni mimi, ni mimi, ni mdomo wangu. Naamini vitabu, na najua homa inaletwa na mbu. Nilifundisha hivyo darasani miaka yote. Pale chini nilikuwa siamini kitu chochote isipokuwa kwamba nimemuua mama yangu.

Baba aliniinua.

"Wewe hukupiga, Mwalimu," alisema. "Nyundo nilikuwa nayo mimi."

Hakusema zaidi, siku ile wala baadaye. Mara nyingi nimetamani angenigombeza.

Tulimzika nyumbani, upande wa mashariki. Watu walingoja baba achonge jiwe. Aliyewachongea wafu wa pwani nzima, angemwachaje wake? Wiki ikapita, mwezi ukapita, tindo zikapata kutu. Nikamwuliza. Akasema hachongi, nilete saruji. Nilileta mifuko miwili kutoka Iringo, na kwa kuwa hakutaka fundi, niliikoroga mwenyewe kwa koleo na mume wangu akabeba maji. Tulimwaga, nikailainisha kwa ubao mpaka ikawa sawa. Wajomba walikuwa wamekuja, wamekaa kwenye viti.

Niliokota kijiti ili niandike jina kabla saruji haijashika. Nilikuwa nimeshapiga magoti.

"Usiandike," baba alisema.

"Baba, jina tu."

"Usiandike kitu. Tulishaandika."

Nilimwangalia mjomba mkubwa anisaidie. Alitazama chini. Nikawaza kwamba baba akiingia ndani nitaliandika haraka, hata herufi ya kwanza peke yake, pale pembeni ambapo hataliona. Lakini baba hakuingia ndani. Alikaa kwenye kigoda upande wa pili wa kaburi, mikono magotini, anautazama mkono wangu, nami nilikaa pale na kijiti changu mpaka saruji ikakauka.